UZI: Kabla hujang'oa boksi la filta ya hewa kwenye Subaru yako ya tabo, soma hapa kwanza

Mzee wa Tabo:

Wakuu habari zenu. Huu uzi ni kwa ajili ya wenye Subaru za tabo (turbo, ile pampu inayoshindilia hewa kwenye injini), yaani Impreza WRX, STI, Forester za tabo na Legacy GT, zile za injini ya EJ20 na EJ25, ila hata mwenye Evo au Golf GTI atapata chake humu. Kila wiki kuna mtu anauliza nifunge filta gani gari ichanganye zaidi, na kila wiki anajibiwa hivyo hivyo, ng'oa boksi, weka filta ya koni inayokaa wazi bila boksi, utasikia mwenyewe. Ni kweli utasikia. Lakini mlio na pawa ni vitu viwili tofauti, na hizi injini hazisamehi, mtu anafunga koni akiwa na furaha zake alafu baada ya muda unakuta gari iko juu ya mawe gereji pistoni imepasuka, na fundi anamwambia ni mafuta machafu. Inaniuma sana kuona mchuma mzuri unalazwa kwa kitu ambacho kingezuilika kwa kupima tu, ndo maana naandika kwa kirefu.

Tuanze na hewa yenyewe. EJ20 ina cc 1994, tuseme lita 2. Ikizunguka mara 6,500 kwa dakika, na kila silinda inavuta hewa mara moja kwa kila mizunguko miwili, ingekuwa haina tabo ingemeza kama lita 108 kwa sekunde, na hapo ni kama silinda zinajaa kabisa. Sasa weka tabo inayosukuma busti (presha inayoongezwa juu ya ile ya kawaida) ya bar 1, unafika kwenye lita 170 mpaka 180 za hewa ya nje KILA SEKUNDE ukiwa umekanyaga mpaka chini. Hiyo hewa ikipita kwenye bomba la milimita 70 inakimbia kama kilomita 160 kwa saa. Kwa kasi hiyo kila kona kali, kila mpira uliojikunja na kila filta iliyoziba inakula kitu.

Kwa hiyo anayekwambia njia ya hewa haina maana nae anakudanganya. Angalia rali. Zile Impreza za madereva akina Colin McRae na Richard Burns zilizoshinda Safari Rally 1997 na 2000 zilikuwa zinalazimishwa na sheria kupitisha hewa yote kwenye tundu la milimita 34 mbele ya tabo. Hewa ikishafika kasi ya sauti pale kwenye koo la tundu haiongezeki tena hata tabo izunguke vipi, ndo maana gari zote za WRC (rali za ubingwa wa dunia) wakati ule zilikuwa zinacheza kwenye farasi 300 na kidogo. 2017 walipopanua lile tundu likawa milimita 36 zikapanda mpaka kama farasi 380. Milimita 2 tu wakuu! Na kwa wasiojua, 1995 Toyota walikamatwa kwenye rali ya Catalunya kule Hispania na Celica GT-Four yao, walikuwa wametengeneza kizuizi, yaani hicho kipande chenye tundu, ambacho ukifunga klempu za mpira kinasogea taratibu kwa ndani kama milimita 5 na hewa inapita pembeni bila kupimwa, ukifungua klempu ili ukague kinarudi mahali pake. FIA, wasimamizi wa mbio za magari duniani, waliwafungia mwaka mzima. Watu hawavunji sheria kwa akili nyingi namna ile kwa kitu kisichokuwa na faida.

Sasa swali langu kwako ni moja tu. Je, kwenye gari YAKO, hapo kwenye boksi la filta ndipo palipobana? Maana zile za rali zilibanwa makusudi. Ya kwako ilichorwa na mainjinia ambao walitaka ifike farasi 280 ikiwa na dhamana ya kiwanda, na boksi walilokuwekea walilipima.

Hili unaweza kulijua bila kununua kitu cha bei. Tafuta mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ule wa kuchezea maji kwenye levo ya wajenzi, kama mita 4 hivi. Toboa kitundu kidogo kwenye kifuniko cha boksi, upande wa hewa iliyokwisha kuchujwa, kabla hujafika kwenye sensa ya MAF inayopima hewa inayoingia, ingiza ncha moja ya mpira uibane vizuri. Ncha nyingine ipitishe kwenye mlango mpaka ndani ya gari, ukunje mpira kwenye ubao uwe na umbo la U lenye urefu wa mita moja, weka maji yenye rangi yajae mpaka nusu, na hiyo ncha ya mwisho iache wazi. Gari ikiwa imezimwa maji yanakaa sawa pande zote mbili. Ukikanyaga, upande ulioungwa na boksi maji yanapanda na wa pili yanashuka, na kila sentimita 10 za tofauti kati ya pande mbili ni sawa na kilopaskali 1. Abiria ndo asome na arekodi na simu, wewe macho barabarani, na fanya sehemu isiyo na watu wala magari. Ukimaliza ziba kitundu, usikiache.

Tuseme umekanyaga gia ya tatu mpaka juu na umepata tofauti ya sentimita 25. Hiyo ni kilopaskali 2.5, na presha ya hewa pale Dar ni kama 101. Maana yake boksi zima, filta yake na ule mdomo wake wa mbele vimekula asilimia 2 na nusu. Hata uweke filta ya dhahabu isiyozuia kabisa, hiyo asilimia 2 na nusu ndo dari yako, hupati zaidi ya hapo. Na kwenye gari ya tabo unapata pungufu ya hapo maana kompyuta inafuata busti iliyopangiwa, filta ikizuia kidogo westigeti (mlango unaopunguza moshi unaozungusha tabo) inafungwa kidogo na tabo inazunguka zaidi kufidia. Utakachopata ni tabo kuamka mapema kidogo na joto kupungua kidogo. Ni vizuri, ila sio farasi 30 anazotangaza muuzaji.

Sasa linganisha na joto, na hapa naomba usome polepole. Boksi la kiwandani linavuta hewa kutoka mbele pale juu ya rejeta, hewa ya nje. Koni iliyokaa wazi ndani ya boneti inavuta hewa iliyopita kwenye rejeta na kuzunguka juu ya egzosti. Kwenye foleni ya Ubungo mchana nje ni nyuzi 30 na humo ndani inafika 60 bila shida. Hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kuliko ya nyuzi 30 kwa asilimia 9. Alafu tabo inaizidishia, ile iliyoingia na nyuzi 30 inatoka kwenye tabo ikiwa kama 130 na ile iliyoingia na 60 inatoka ikiwa kama 170, alafu intakula (rejeta ya kupoza hewa ya tabo) ya juu ya injini ambayo yenyewe imeshaiva ndo inategemewa ipoze hiyo. Umekimbia hasara ya asilimia 2 na nusu umejiingiza kwenye ya 9 na ukaongeza hatari ya petroli kujilipukia kabla ya wakati wake. Ukiwa spidi kwenye barabara ya Morogoro joto linashuka, hilo nakubali, ila wengi wetu maisha ya gari ni foleni, na ukitoka kwenye mataa ndo unakanyaga.

Na kwa faida ya wengi, lile tundu juu ya boneti la Subaru SIO la filta. Linapeleka hewa kwenye intakula tu. Nimeona watu wanaliziba na wavu au stika wakidhani ni urembo.

Sasa kitu kinachoua injini, sensa ya MAF. Ile sensa ina kiwaya kinachopashwa moto, hewa ikipita inakipoza, na kompyuta inapima umeme unaohitajika kukiweka kwenye joto lake. Lakini sensa haioni hewa yote, inaonja kipande kidogo katikati ya bomba alafu kompyuta inazidisha kwa hesabu iliyoandikwa kiwandani kulingana na upana wa lile bomba. Ukiletewa kiti (kit, seti ya koni na bomba lake) kipya chenye bomba pana, hesabu ya kiwandani inabaki ile ile. Chukua mfano bomba lilikuwa la milimita 65 na jipya ni la 70. Eneo limeongezeka asilimia 16, hewa inapita polepole mbele ya kiwaya, kompyuta inadhani hewa ni kidogo na inamwaga petroli kidogo. Pale ulipotakiwa kuwa na hewa 11.5 kwa petroli 1 ukiwa na busti kamili unajikuta kwenye 13.3. Ukiendesha taratibu hutaona kitu kwa sababu sensa ya oksijeni inasahihisha, gari inatembea vizuri tu, hata taa ya cheki injini haiwaki, siku umekanyaga mpaka chini ndo pistoni inalipa. Na pistoni za EJ, hasa za 2.5 za EJ255 na EJ257, zina ugonjwa unaojulikana dunia nzima wa kupasuka pale katikati ya ringi. Ongeza kwamba gari za Kijapani zilipangwa kwa petroli ya kwao ya daraja la juu yenye oktani kama 100 na ya kwetu iko chini ya hapo. Huna akiba ya kuchezea.

Na watu wanasahau, sio upana tu. Koni iliyowekwa karibu na sensa au baada ya kona kali inafanya hewa ifike kwenye kiwaya inazungukazunguka, usomaji unarukaruka, unapata misi gari ikiunguruma imesimama (sailensa) na gari inasita ukiachia na kukanyaga.

Ushauri wangu basi, ukiwa bado na tabo ya kiwandani, bakiza boksi. Weka filta ya karatasi mpya na halisi, hakikisha mdomo wa mbele wa kuvutia hewa upo, maana gari nyingi zilizowahi kugongwa mbele huwa hazina, na mpira wa kwenda tabo uangaliwe. Ukishabadilisha tabo kubwa na unatafuta farasi 350 kwenda juu, hapo boksi kweli linaanza kubana, funga bomba pana lenye boksi lililofungwa linalovuta nje, na LAZIMA gari ityuniwe upya, yaani hesabu za kompyuta zipangwe upya, siku hiyo hiyo kwa bomba hilo hilo. Bila tyuni usiwashe ukakanyaga.

Karibuni kwa maswali.

---

Kijana wa Tandika:

Mkuu asante kwa madini. Mi nina Forester SG5 Cross Sports na fundi ameshanifungia koni muda tu, haijanisumbua na ile pshhh yake naipenda kweli. Unanishauri nirudishe boksi? Maana lile la zamani nilishampa mtu.

---

Mzee wa Tabo:

Kaka kwanza usikanyage mpaka chini mpaka ujue uko wapi. Tafuta mtu mwenye kebo ya Tactrix na laptop yenye RomRaider, ile programu ni ya bure, au fundi yeyote mwenye mashine inayosoma data za Subaru ikiwa inatembea. Angalia vitu vitatu. Cha kwanza ni A/F learning, kama kompyuta imejifunza kuongeza petroli kwa asilimia 8 au 10 na zaidi basi kuna hewa isiyohesabiwa, aidha bomba ni pana au kuna mahali panavuta pembeni. Cha pili knock correction, yaani kompyuta inavyojirekebisha ikisikia petroli inajilipukia, ukiwa unapanda mlima kwa gia ya tatu au nne, ikirudisha taiming (wakati wa kupiga cheche) nyuma mara kwa mara ujue injini inalia humo ndani hata kama wewe husikii. Cha tatu IAM, ile alama ya jumla ambayo kompyuta inajipa kulingana na inavyoiamini petroli na mchanganyiko. Kwenye baadhi ya kompyuta inaandikwa 1 na kwenye za zamani 16. Ikiwa imeshuka chini ya hapo gari inakwambia inateseka.

Kama namba ziko safi basi tatizo lako ni joto tu. Tengeneza boksi la bati au plastiki ngumu liizunguke koni pande zote, juu ligusane na boneti kwa mpira wa mlango, na uelekeze bomba kutoka mbele ya rejeta. Fundi bati mzuri anakutengenezea bila shida.

Na ile pshhh ukiachia mafuta haitoki kwenye filta, ni hewa ya busti inayorudishwa kwenye mpira kabla ya tabo na koni haiifichi kama boksi linavyoificha. Ila kama umefungiwa blo-ofu (vali ya kuachia busti) inayomwaga nje hiyo ni kesi nyingine, ile hewa ilishahesabiwa na MAF, ikimwagwa nje petroli yake inabaki haina mwenza, ndo unaona moshi mweusi na gari inataka kuzima ukisimama kwenye mataa.

---

Fundi Gerezani:

Mzee wa Tabo nakuheshimu ila nadharia nyingi. Sisi tuko chini ya haya magari kila siku. Koni sio adui. Adui ni ule mpira wa kutoka MAF kwenda tabo, unaopita chini ya manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda). Gari zenyewe zina miaka 20, mpira umeshaoza, unapasuka sehemu ambayo hutaiona mpaka ushushe manifoldi, na mwingine umelainika mpaka ukikanyaga unanywea. Mteja anakuja analalamika gari haivuti anataka koni, namfungia koni haivuti vile vile.

---

Mzee wa Tabo:

Fundi hapo umeongea, na ningependa kila mwenye EJ asome hiyo komenti mara mbili. Huo mpira ukipasuka hewa inaingia baada ya MAF, haijahesabiwa, petroli inapungua, na pia vumbi linaingia moja kwa moja kwenye tabo bila kupita kwenye filta yoyote. Ukipasuka baada ya tabo ni kinyume chake, hewa iliyohesabiwa inatoka, petroli inazidi, gari inanuka mafuta na moshi mweusi. Kwa hiyo hata bila mashine dalili zinakuelekeza upande gani wa kutafuta. Kipimo cha moshi ndo kinamaliza ubishi, unajaza moshi kwenye njia ya hewa alafu unaangalia unapotokea. Na ukishashusha manifoldi kwa ajili ya huo mpira weka wa silikoni wenye upana ule ule wa ndani pale kwenye MAF, badilisha na gasketi za manifoldi, usirudishie za zamani, maana hiyo kazi hutaki kuirudia.

Kwenye koni tutofautiane kwa amani. Sijasema ni adui, nimesema mtu apime kwanza.

---

Sista Mchuma:

Habari zenu kaka zangu. Mimi niko Dodoma, WRX ya 2004. Vumbi la huku mnalijua. Nimeshauriwa zile filta za pamba za kuosha na kupaka mafuta, kwamba nanunua mara moja tu maisha yote. Zinafaa? Na je kupuliza filta ya karatasi na kompresa ni sawa?

---

Mzee wa Tabo:

Dada yangu kwa Dodoma nakushauri karatasi, na sisiti. Filta ya pamba inapitisha hewa kwa urahisi kwa sababu matundu yake ni makubwa, na tundu linalopitisha hewa kirahisi linapitisha na vumbi laini. Vumbi letu lina silika, ni kitu kigumu kuliko chuma cha silinda, linakwangua ringi na linakula mabawa ya tabo kidogo kidogo, huoni leo, unaona gari ilipoanza kula oili. Filta nzuri ya karatasi inakamata zaidi ya asilimia 99 ya vumbi la majaribio, na kadiri inavyoanza kushika vumbi ndivyo inavyochuja vizuri zaidi, mpaka pale inapoanza kubana hewa. Pia mtu akizidisha mafuta kwenye ile ya pamba yanaruka na kuganda kwenye kiwaya cha MAF, usomaji unaharibika. Ikishachafuka safisha kwa dawa ya kupuliza ya MAF tu, usitumie ya breki na usiguse kiwaya na kitambaa wala kidole.

Kompresa sio dhambi ila inavyofanywa gereji nyingi ni kuua filta. Presha iwe ndogo, puliza kutoka upande msafi kwenda upande mchafu, mdomo ukae mbali. Wanaoipiga kwenye tairi kwanza alafu wanaibandika mdomo wa kompresa kwenye karatasi wanaitoboa, shikilia filta juani uiangalie, ukiona nukta za mwanga tupa. Kwa mazingira yako ni bora kubadilisha mapema kuliko kupuliza mara nyingi.

Alafu fanya hiki leo hii. Fungua boksi, chukua kitambaa cheupe, pitisha kidole ndani ya bomba baada ya filta. Pakiwa pakavu na pasafi uko salama. Kitambaa kikitoka na vumbi jekundu basi filta haikai vizuri, mara nyingi ni klipu moja ya boksi imevunjika au filta ya feki ambayo raba yake ya pembeni ni nyembamba. Hapo hata filta ya bei gani haikusaidii, hewa inapita pembeni.

---

Scooby Thika Road:

Buda hii thread iko fiti sana, salamu kutoka Nairobi. Huku kila mtu na STI yake na kila mtu na koni yake. Swali, sisi tuko juu kama mita 1,700 na kitu, hewa ni nyepesi. Hiyo inabadilisha hesabu zako ama? Na hizo snokeli za gari za Safari huko Naivasha, tukiweka zitasaidia?

---

Mzee wa Tabo:

Karibu sana ndugu yetu. Inabadilisha, na hata watu wa Mbeya wasome hapa maana mpo urefu ule ule. Presha ya hewa huko ni kama kilopaskali 82 badala ya 101. Gari isiyo na tabo imeshapoteza karibu asilimia 19 kabla hujaiwasha. Ya tabo inaweza kujitetea lakini kwa gharama, Dar kufikisha presha kamili ya 200 tabo inazidisha hewa mara 2, kwako inabidi izidishe karibu mara 2 na nusu, kwa hiyo inazunguka kwa kasi zaidi na hewa inatoka ya moto zaidi. Maana yake kilopaskali 2.5 zinazoliwa na filta chafu kwako ni asilimia 3 ya ulichonacho, na tabo iko karibu na mwisho wake. Filta safi na hewa baridi kwako vina thamani kuliko kwangu. Usimruhusu mtu akutyunie kwa kulazimisha busti ile ile ya pwani.

Snokeli za Safari ni za kuvuka maji na kupandisha mdomo wa hewa juu ya lile vumbi jepesi kama unga linalorushwa na magurudumu. Kwa barabara ya lami hazikuongezei kitu. Kinachokusaidia wewe ni kuangalia sponji inayozunguka intakula chini ya boneti, ikiwa imeliwa hewa ya tundu la boneti inapita pembeni ya intakula badala ya kupita katikati yake. Hiyo sponji ni bei ndogo sana na watu wanairuka wanaenda kununua koni.

---

Mgosi wa Tanga:

Wakuu vipi kuhusu lile bomba refu linaloshuka mpaka nyuma ya bampa, linavuta hewa baridi kabisa ya chini? Nimeona moja linauzwa, jamaa anasema ndo bora kuliko yote.

---

Mzee wa Tabo:

Hewa ya pale chini ni baridi kweli, hapo hajakudanganya. Shida ni maji. Mvua za masika ukikuta Jangwani pamejaa, au huko kwenu barabara imegeuka mto, filta ikizama injini inavuta maji badala ya hewa, na maji hayabonyezeki. Konrodi, ule mkono wa pistoni, inajikunja mzunguko ule ule. Kama unalazimisha weka lile bomba wakati wa kiangazi tu. Mi kwa gari inayotembea kila siku siweki.

Na pia bomba refu hivyo linabadilisha upana na mikunjo kabla ya MAF, kwa hiyo yale ya tyuni niliyoandika juu yanakuhusu na wewe.

---

Kijana wa Tandika:

Mkuu nimefuata ushauri, nimesomewa data leo jioni. A/F learning iko +11, IAM imeshuka nusu. Fundi kagundua sensa ya MAF imefungwa kwenye bomba la kiti hicho cha koni na oringi yake (raba ya kuziba hewa) haipo kabisa. Nafanyaje?

---

Mzee wa Tabo:

Umejiokoa kaka. Usikanyage busti kabisa, endesha taratibu tu mpaka irekebishwe. Tafuta nyumba ya MAF ya kiwandani ya SG5, kwenye magari ya kukata (yanayouzwa vipande) zipo, ikiwezekana chukua na boksi zima na mdomo wake wa mbele. Sensa irudi kwenye nyumba yake ya upana wa kiwandani, oringi mpya ipakwe mafuta kidogo isijikunje, mshale kwenye sensa uelekee upande wa tabo, skrubu zote mbili zifungwe kwa mkono bila kukaza kupita kiasi maana plastiki inapasuka. Kagua na ule mpira aliousema Fundi Gerezani, kama kipimo cha moshi kipo karibu na wewe fanya siku hiyo hiyo. Alafu futa data za kujifunza kwenye kompyuta, iache iungurume mpaka ipate joto, tembea kawaida siku kadhaa bila kukanyaga mpaka chini ili ijifunze upya. Ukiona A/F learning imerudi ndani ya 5 kwenda juu au chini na IAM imepanda mpaka mwisho, tupia hapa rekodi ya gia ya tatu tuisome wote. Kama IAM imegoma kupanda usisubiri, peleka ikapimwe kompresheni (presha ya ndani) ya silinda zote nne, na uangalie zaidi silinda ya nne.